Mafuta ya Taa kwa Bei ya Shemeji

Mwaka ninaotaka kuwaambia ni ule tuliokula ugali wa njano. Mahindi yalitoka ng'ambo, na yalipofika kwa sufuria zetu Kiptere yalikuwa yananuka gunia. Watoto waliuangalia huo ugali kama kitu kilichochomwa na jua. Sukari nayo ilikuwa imepotea madukani. Basi sisi watu wa majani chai, ambao ukisimama mlangoni unaona chai mpaka macho yachoke, tulikunywa chai chungu na kiazi kitamu mkononi: unauma kiazi, unapiga funda, unauma tena. Ukitaja huo mwaka wa chai na kiazi, mtu wa umri wangu anajua ni mwanzoni mwa miaka ya tisini, na hakuulizi zaidi.

Mwaka huo ndio nilipata kazi ya ofisi. Msicheke. Niliacha shule darasa la tatu kwa sababu ng'ombe walihitaji mtu, na sikulia, maana mimi na mwalimu hatukuwa tumeelewana kuhusu hesabu ya kugawanya. Lakini kazi niliipata, na niliifanya karibu miaka yote ya tisini. Kazi yangu ilikuwa kupima bei. Nyinyi wajukuu wangu mna simu zinazowaambia bei ya kila kitu kabla hamjavaa viatu. Ketini basi niwaambie sisi tulikuwa tunaijua namna gani, na namna gani bibi yenu alikuwa haijui.

Ofisi ilikuwa mjini Kericho, na mtu wake alikuwa Bwana Makokha, karani mrefu, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa. Shida yote ilikuwa hivyo viatu. Mtu wa viatu vya namna hiyo akikuuliza unauza maharagwe ngapi, unajua ni mambo ya kodi. Kila mtu sokoni alimdanganya. Mama mmoja aliyekuwa katikati ya magunia ya makaa alimwambia hauzi makaa, ameketi hapo tu kupumzika.

Mimi alinikuta nikigombana na Arap Koros, muuzaji wa mafuta ya taa. Alisimama akatusikiliza mpaka tukamaliza.

"Mama, unakuja hapa kila siku ya soko?"

"Kwani wewe ni askari?"

"Hapana. Natafuta mtu wa kununua vitu. Ofisi itatoa pesa. Wewe ukishanunua, uniambie ulilipa ngapi, halafu vitu ni vyako. Huo ndio mshahara."

Nilimwangalia kutoka kichwani mpaka kwenye hivyo viatu. "Nipewe pesa ya kununua unga, halafu unga niende nao nyumbani?"

"Ndiyo."

"Na kati yetu mwenye wazimu ni nani?"

Kwa miaka mingi niliwaambia watu nilichaguliwa kwa akili. Baadaye Bwana Makokha mwenyewe aliniambia alitafuta tu mtu ambaye sauti yake inasikika kupita redio ya kinyozi.

Siku ya kwanza alinieleza kwamba ofisi inataka kujua afya ya uchumi. Nikamuuliza uchumi unaumwa wapi. Akasema ni homa: bei ya kitu kimoja ikipanda si neno, lakini zote zikipanda pamoja, unga, mafuta, sabuni, hiyo ndiyo homa yenyewe. "Na wewe, Mama Chebet, ndiwe kipimajoto." Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, nikamwambia mzee wangu kwamba serikali imenifanya kipimajoto. Akaacha kunoa panga, akauliza watanitia kwa kwapa la nani.

Kazi ilikuwa na sheria moja. Bwana Makokha aliirudia mpaka mate yakamkauka: kitu kile kile, kipimo kile kile, kwa mtu yule yule, kila mwezi. Mnaona ni rahisi. Mimi pia niliona ni rahisi.

Mwezi wa kwanza alinituma maharagwe ya njano, nikaleta mekundu.

"Ya njano yako wapi?"

"Yalikuwa ghali. Nimekuokolea pesa."

"Lakini mama, nilitaka kujua kama yamekuwa ghali."

"Si ndiyo nimekuambia?"

Aliinamisha kichwa juu ya karatasi yake. Mwezi uliofuata sikununua makaa kabisa.

"Nilipotajiwa bei niliona ni wizi, nikaondoka."

"Sasa niandike nini?"

"Andika ni wizi."

Na kuna mwezi nilirudi na jogoo. Alikuwa jogoo mzuri, bei yake ilikuwa ya kutupa, na hakuwa kwenye mpango wowote wa ofisi. Bwana Makokha alimwangalia jogoo, jogoo akamwangalia.

Ilinichukua muda kuelewa nilikuwa nakosea wapi. Tangu niolewe nilikuwa nimejifunza kukwepa bei. Mwanamke mwenye nyumba akiona bei inamjia anaruka kando: kama si nyama ni mboga, kama si mboga ya kununua ni ile ya porini. Kazi hii ilinitaka nisimame pale pale bei inigonge, halafu niende kuonyesha mahali iliponigonga. Mimi nilikuwa naruka, halafu nasema sijaumia.

Lakini kuna mambo niliyajua, hayo nawapa bure. Mkisikia bei ya mahindi haijapanda na hali ni ngumu, pindueni mkebe. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili, lakini mtu mwenye nyundo anaupiga tako kidogo likaingia ndani, na kilo mbili zinakuwa zile anazotaka yeye. Bei imekaa, mahindi ndiyo yameondoka. Nilikuwa napindua kila mkebe sokoni mpaka nikaitwa Mama Pindua. Makaa nayo, tia mkono ndani ya debe. Mwenye kujua kupanga makaa anajenga nyumba mle ndani, yenye sebule. Na kinu cha posho msikisahau, maana kinakunywa dizeli. Dizeli ikipanda leo Mombasa, mwenye kinu hapa kwetu alipandisha jana. Tena msipime chochote mwezi wa bonasi ya majani chai, ile pesa ya mara moja kwa mwaka, mkadhani nchi imetajirika. Mwezi huo hata kinyozi ananyoa kwa bei ya harusi, na mwezi unaofuata watu wanakopa chumvi.

Kubwa kuliko yote niliona ni chupa. Pesa ikiwa iko, watu wanakuja kununua mafuta ya taa na jerikeni. Ikipungua, wanakuja na chupa ya soda iliyozibwa na gunzi la mahindi. Ikiisha, unaona chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Nilimwambia Bwana Makokha aandike chupa, akasema karatasi haina mahali pa chupa. Nikamwona hajui kazi. Halafu mwezi mmoja chupa za dawa ya kikohozi zikajaa pale kwa Arap Koros, nikamtangazia Bwana Makokha mbele ya watu kwamba uchumi unakata roho. Kumbe zahanati ya kanisa ilikuwa imegawia watoto wote dawa ya kifua, na kila nyumba ilikuwa na chupa mpya. Bwana Makokha hakunicheka. Alinunua chai chungu akanipa, hilo likaniuma zaidi.

Sasa nirudi kwa ule mwaka wa ugali wa njano, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipata gharama.

Redio ilikuwa inasema bei zinaruka nchi nzima. Watu wa Londiani walikuwa wanalia, watu wa Fort Ternan wanalia. Mimi kila mwezi nilimpelekea Bwana Makokha bei za Kiptere zikiwa zimetulia kama maji ya kisima. Mafuta ya taa yamepanda kidogo tu. Mahindi, kidogo tu. Makaa, yale yale. Nikajisifu. Nilisimama nje ya kanisa nikawaambia wanawake kwamba Kiptere bei haipandi kwa sababu wauzaji wananiogopa. Naona aibu hata kuwaambia haya, lakini nilisema, tena nilikuwa nimeshika kiuno.

Wakubwa wa Bwana Makokha walikuwa wakitumia hizo bei kuamua unga wa bei nafuu uende soko gani. Bei ikiwa imepanda sana, lori linasimama hapo. Ikiwa imetulia, lori linapita. Londiani walipata. Fort Ternan walipata. Kwetu lori lilipita katikati ya soko, tukaliona na magunia yake, likateremka kuelekea masoko ya chini. Tulibaki na vumbi. Wifi yangu Rael, dada ya mzee wangu, alikuwa kando yangu na mtoto mgongoni. Nyumbani kwake walikuwa wakila kabichi ya kuchemsha bila ugali, hata huo wa njano. Aliniuliza, "Kwa nini wametupita?" Nikamwambia wakubwa hawajui kazi.

Wiki chache baadaye nilikuwa kwa Arap Koros. Nikajaziwa chupa yangu ya soda, nikalipa. Nyuma yangu alikuwa Mama Nyaboke, mama kutoka Kisii aliyekuwa akichuma majani chai kwenye shamba kubwa na kukaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Chupa yake ilikuwa kama yangu. Nikaona pesa alizotoa.

"Koros, hujamrudishia huyu mama chenji yake."

"Hana chenji."

"Mimi nimelipa chini ya hapo sasa hivi."

Arap Koros akaangalia juu kama mtu anayetafuta mvua. "Shemeji, nenda nyumbani. Jua ni kali."

"Nimekuuliza, chupa moja ni ngapi?"

"Ya nani?"

"Kwani ziko bei mbili?"

"Shemeji, wewe ni bibi ya rika langu. Mimi na mzee wako tulitoka jandoni pamoja. Nikuuzie kama mtu wa barabarani, halafu nimwangalie kwa macho gani? Bei yako ndiyo hiyo tangu zamani. Hata nyongeza nakuwekea."

Mama Nyaboke akaweka chupa yake chini. "Kwa hivyo mtu wa barabarani ni mimi."

"Wewe ni mteja, mama."

"Na bei ya kweli ni hiyo yangu?"

"Ndiyo hiyo."

Akanigeukia. "Basi hii kazi ya ofisi ilikuwa yangu."

Watu walicheka mpaka mwenye kinu cha posho akazima injini ili ajue kuna nini. Nilizunguka soko lote siku hiyo nikiuliza watu waliokuwa wakiondoka na mizigo, "Umelipa ngapi?" Kila mahali ilikuwa vile vile. Muuzaji wa mahindi mtoto wake ameoa Chebet wangu, angeniuziaje kama mgeni? Mwenye makaa tulikuwa naye kwaya. Wa sabuni nilimsimamia ubatizo. Miezi yote hiyo sikuwa nimepima uchumi wa Kiptere. Nilikuwa nimepima ukoo wangu, na ukoo ulikuwa na afya nzuri sana.

Nilijaribu kurekebisha mwenyewe kabla Bwana Makokha hajarudi. Nilivaa koti la mvua la mzee wangu, nikajifunga kitambaa mpaka puani, nikaenda kwa muuzaji wa mahindi na sauti nzito. Akaniangalia kwa huruma. "Mama Chebet, ni jino?" Akaniongezea konzi mbili kwa ajili ya maumivu.

Nilipomwambia Bwana Makokha, aliweka kalamu chini. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwezi huu tutanunua upya, pamoja, na wewe utalipa kama mtu yeyote." Halafu akasema lori litapangwa upya kwa bei za mwezi huo.

Hayo maneno yalifika sokoni kabla yangu. Jioni Arap Koros alikuja nyumbani, akapewa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akapangusa midomo.

"Shemeji, dawa nimepata. Mwambie huyo karani chupa ni mara mbili ya ile ya Mama Nyaboke. Mimi nitasema ndiyo, wa mahindi atasema ndiyo. Wewe utanilipa ile yako ya siku zote. Lori litasimama hapa mpaka magurudumu yaote majani."

Mzee wangu alikohoa. Nilijua anaona ni mpango mzuri. Hata mimi niliona ni mpango mzuri. Msifikiri nilikuwa mtakatifu. Nilikuwa nimesema uongo mwaka mzima bila kujua, nikachekwa na soko zima, na sasa nilikuwa naombwa niuseme nikijua, tena kwa sauti. Kwenye kazi yote ile kitu kimoja tu nilikuwa nimekishika: kwanza mkono utoe pesa, ndipo mdomo useme.

"Bei ambayo sijailipa, siisemi," nikamwambia.

"Shemeji, ni unga wa watoto."

"Hata mimi nina watoto."

"Sasa?"

"Sasa niuzie kama unavyomuuzia Mama Nyaboke, nilipe, niseme."

Akasimama, akachukua kofia yake. "Hiyo siwezi. Afadhali unitukane." Mzee wangu alimsindikiza mpaka njiani, akarudi, akalala bila kuniambia usiku mwema.

Lori lilikuja, niwaambie mapema msinisumbue. Lilikuja limechelewa, na magunia hayakutosha. Nilipanga foleni kama wengine, na kuna wanawake waliohesabu magunia wakaniangalia, wakahesabu tena. Kila mtu alijua kwamba kwa ile bei ya uongo ya Arap Koros yangekuwa mengi. Rael hakuja kwangu kuomba moto mpaka tulipomaliza kupalilia. Hilo ndilo lori. Lakini nikifikiria hiyo kazi, siku inayonijia si ya lori, ni ile ya kununua upya.

Watu walikuwa wamejazana mbele ya kibanda cha Arap Koros kama wanangoja matokeo ya mtihani. Bwana Makokha alitoa kalamu.

"Mafuta ya taa, chupa moja?"

Nyuma yake Arap Koros alikuwa ananionyesha vidole, akivitikisa ili nivione vizuri.

"Bado sijanunua," nikasema. Nikampa Arap Koros chupa na pesa kamili, ile bei ya Mama Nyaboke. Akapima, akajaza, halafu akanirudishia sehemu ya pesa. Nikairudisha mezani.

"Chukua yote."

"Shemeji, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Chukua."

"Siwezi."

"Basi Bwana Makokha aandike kwamba Kiptere mafuta hayana bei."

Pesa ilikaa pale kati yetu, na Arap Koros aliiangalia kama nyoka aliyeingia nyumbani.

"Chukua, mzee," akasema Mama Nyaboke kutoka nyuma. "Zangu umechukua miaka yote na mkono haujakauka."

Watu wakacheka, na Arap Koros akazikusanya akiangalia upande, kama mtu anayemeza kwinini. Hakuniwekea nyongeza. Ilikuwa mara ya kwanza, na mtaniona mjinga tena, lakini niliiona hiyo chupa ni nyepesi na ikanihuzunisha. Nikamtajia Bwana Makokha nilicholipa, akaandika.

Ndipo Rael akanisogelea. Alikuwa amembeba yule mdogo, na mtoto alinyoosha mkono kushika kitambaa changu. Rael hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika ningejua la kumjibu.

"Mama Chebet," akasema polepole, "hiyo ni ndogo. Mwambie umekosea. Ongeza kidogo tu, nani atakuuliza? Unajua nyumbani kwangu tunakula nini."

Nilijua. Bwana Makokha alikuwa amesikia pia. Aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, akaangalia viatu vyake, akangoja.

"Bei ambayo sijailipa, siisemi."